Dakika Kumi na Nne Zilizobaki Mweka

Nilikwenda Moshi kutafuta marathoni ya chini ya saa nne. Nikamaliza kwa 4:13:52. Hongera nilizopokea tangu siku ile ni nyingi, na karibu zote zimekuja na maneno yanayofanana: muhimu umemaliza, muda si kitu, ni wangapi wanaoweza hata nusu yake. Nawashukuru waliosema hivyo, maana najua walisema kwa upendo. Lakini ninachotaka kuandika hapa ni huo muda wenyewe, kwa sababu ndio nilioufuata Moshi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Dar es Salaam, mama wa watoto wawili, nimeshavuka arobaini. Mwanamke wa umri huu akionekana barabarani alfajiri na raba miguuni, watu wana majibu tayari. Anapunguza mwili. Ana presha. Daktari kamwambia sukari imepanda. Shuleni kwetu kuna mwenzangu aliyewahi kunivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuko salama. Sababu zote hizo zinaeleweka na hakuna anayezibishia. Sababu isiyopokelewa ni hii niliyonayo mimi: nataka kujua miguu yangu inaweza kwenda kasi kiasi gani kwa umbali ule, sasa hivi, umri haujaanza kuidai.

Jambo hilo ni langu. Vitu vingi ninavyofanya kwa siku ni vya watu: vipindi ni vya wanafunzi, chakula ni cha familia, vikao ni vya shule, michango ni ya ukoo. Sinung'uniki, ndiyo maisha niliyoyachagua na nayapenda. Ila kule kwenye kukimbia nilijiwekea namba moja ambayo hakuna aliyeniomba wala atakayefaidika nayo. Mtu akiniambia namba hiyo si kitu, ananitoa kwenye sehemu pekee ambayo nilikuwa nimejipangia mwenyewe, kisha anaamua kwa niaba yangu kwamba kilichonitosha ni kidogo kuliko nilichokitaka.

Saa nne haikuwa namba ya kuokota. Nilikuwa nimekimbia kilomita 21 kwa saa 1 na dakika 48 kwenye njia tambarare ya pwani. Wakimbiaji wa mitaani wana hesabu yao: zidisha muda wa nusu marathoni mara mbili, ongeza dakika kumi mpaka ishirini, hapo unapata kile unachoweza kukitegemea kwenye kilomita 42 kama mazoezi yametimia. Kwangu hesabu hiyo ilitoa muda ulio chini ya saa nne bila wasiwasi. Moshi si tambarare, kwa hiyo tukaongeza dakika za mlima, na bado tukabaki ndani ya saa nne kwa wembamba. Kwa wastani ni dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita, kutoka mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia.

Kocha wetu ni mzee aliyewahi kukimbilia timu ya jeshi enzi zake. Tukimwamkia shikamoo anaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye saa yake ya mkononi. Aliikagua hesabu yangu, akakaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, hii inawezekana. Lakini usiniambie inawezekana halafu Jumamosi nisikuone." Basi Jumamosi akaniona. Tulianzia Mwenge alfajiri kabla ya adhana, tukashika Barabara ya Bagamoyo hadi Morocco, tukaingia Oysterbay, Coco Beach, tukavuka Daraja la Tanzanite na kufuata bahari mpaka Kivukoni, kisha tukageuza. Wanawake tulikaa katikati ya kundi mpaka kupambazuke. Mbio zikiwa ndefu zaidi tulizunguka Masaki. Dar ya Januari na Februari, wakati wa kaskazi, saa moja asubuhi jua tayari limekaa mabegani na fulana unaweza kuikamua.

Nasimulia haya kwa sababu moja. Namba ile ndiyo iliyopanga miezi yangu. Kwa ajili yake nililala saa tatu usiku, nikasahihisha madaftari mchana wakati wenzangu wanapumzika, mume wangu akachukua zamu ya kuwaandaa watoto Jumamosi. Kama lengo lingekuwa kumaliza tu, nusu ya hayo yangetosha, na ningekuwa mkimbiaji mwingine kabisa. Kwa hiyo hata kabla sijafika Moshi, saa nne ilikuwa imeshanifanyia kazi.

Mbio za Kilimanjaro zilianza mwaka 2003, na kila mwaka hukimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kiangazi cha Moshi, kabla masika hazijashuka. Wengi huja kwa ajili ya kilomita 21 na zile 5 za kujifurahisha. Wa kilomita 42 ni wachache, nao hutangulia kuondoka, saa 12:30 asubuhi, kutoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Wakati huo Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kiko wazi. Theluji inaonekana yote, na kila mtu pale mstarini, hata waliozaliwa Moshi, amegeuza shingo. Baadaye mawingu hushuka na hukioni tena.

Njia yenyewe ina tabia mbili. Nusu ya kwanza iko chini, mjini na kwenye barabara kuu inayoelekea Himo na Dar, kwenda na kurudi, yenye vimwinuko visivyosumbua. Mwinuko wa mji wa Moshi kutoka usawa wa bahari ni kama mita 830. Nusu ya pili inaanza kupanda. Unaacha lami ya mjini, unaingia kwenye migomba na kahawa, unapanda bila kupumzika hadi Mweka, kwenye takriban mita 1,150, ambako kilomita ya 32 inakukuta. Hapo unageuka na kuteremka hadi uwanjani. Wanaopanda mlima wanaijua Mweka kwa lango la kushukia kutoka Kibo, na watu wa maliasili wanaijua kwa chuo cha wanyamapori kilichopo tangu 1963. Mimi nitaijua kwa mambo mengine.

Mpango wetu ulikuwa hivi: nusu ya kwanza kwa saa 1:55, kupanda kwa dakika 6 na sekunde 20 kwa kilomita, na kuteremka kwa 5:25. Ukijumlisha, unafika na sekunde chache mkononi. Nilipita nusu kwa 1:55:40. Miguu mepesi, pumzi ya kutosha kuzungumza, tende nilizobeba nilikuwa nakula kila nusu saa kama tulivyokuwa tumezoea Dar. Niliambatana na kijana mmoja kutoka Arusha ambaye hatukuulizana majina. Tulipokuwa tunaingia barabara ya kupanda akaniambia, "Mama, mimi nakwenda taratibu hapa, wewe usinisubiri." Nikamwambia hata mimi nakwenda taratibu. Tukacheka, tukapanda.

Kupanda kulinichukua muda zaidi ya nilivyopanga, 6:45 badala ya 6:20. Kila kilomita ilikuwa inachukua sekunde zake ishirini na tano, na nilizihesabu zikienda. Hata hivyo sikuvunjika pale. Naomba hili lieleweke, kwa sababu kila niliyemsimulia anarukia kusema mlima ndio ulioniangusha. Niliupanda mlima kwa heshima na nilifika juu nikiwa nakimbia, sikutembea hata hatua. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye kingo za mashamba, watoto wamenyoosha mikono niwagonge viganja, bibi mmoja akanisemesha kwa Kichaga maneno nisiyoyajua kwa sauti niliyoielewa vizuri. Nilifika kwenye geuzo kwa saa 3 na dakika 10.

Zilibaki kilomita kumi na mita mia mbili kasoro kidogo, zote za kushuka. Kwa mpango nilitakiwa niwe pale kwa 3:05 kasoro. Nilikuwa nimechelewa dakika tano na zaidi. Nikajiambia mteremko utanirudishia sehemu ya hizo, na chochote nitakachopungukiwa kitakuwa dakika mbili au tatu. Mtu yeyote aliyefanya mazoezi yake Dar angejiambia hivyohivyo.

Mteremko haukurudisha chochote. Kilomita ya kwanza ya kushuka ilikwenda vizuri. Ya pili, mapaja yakaanza kutetemeka kila mguu ulipotua. Ya tatu yalikuwa yamekaza kiasi kwamba kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda, na nilikuwa natafuta sehemu tambarare za barabara ili nipumzike. Pumzi ilikuwepo tele. Mapigo ya moyo yalikuwa chini kuliko wakati wa kupanda. Ningeweza kuimba. Miguu tu ndiyo iliyokuwa haipokei amri.

Nimejifunza baadaye, kwa kusoma na kwa kumuuliza mtaalamu wa viungo anayekimbia na kundi letu, kilichotokea. Unapopanda, msuli wa paja unajikunja unapofanya kazi. Unaposhuka, msuli uleule unafanya kazi ya breki: unabeba uzito wako huku ukivutwa urefuke. Kazi ya namna hiyo haichoshi mapafu, ndiyo maana mtu haishtukii, lakini inachana nyuzi ndogondogo ndani ya msuli. Maumivu yake makubwa huja siku ya pili na ya tatu. Nilirudi Dar kwa basi na kwa siku kadhaa nilishuka ngazi za shule kinyumenyume, nimeshika ukuta, wanafunzi wa kidato cha pili wakinibebea mkoba.

Kuna jambo jema katika habari hiyo. Msuli uliowahi kupata mteremko unajikinga. Ukimpa mtu zoezi moja la kushuka, akaumia kidogo, akapona, zoezi kama hilo wiki chache baadaye linamuumiza kidogo kuliko la kwanza. Maana yake kushuka ni kitu cha kufanyiwa mazoezi kama kupanda. Sisi wa pwani tunajua kutafuta vilima: tunakwenda kilima cha Chuo Kikuu, Mlimani, tunapanda na kurudi, tunapanda na kurudi, na wakati wa kurudi tunashuka polepole tukivuta pumzi kwa sababu tunadhani zoezi limeisha. Kumbe nusu ya zoezi tulikuwa tunaitupa. Hakuna aliyeniambia hivyo kabla, na sijaona ikisemwa kwa Kiswahili mahali ambapo mkimbiaji wa kawaida angeikuta, kwa hiyo naisema hapa kwa msisitizo: ukienda Moshi kukimbia zote 42, jizoeze kushuka. Kwa Dar, barabara ya Pugu kuelekea Kisarawe ina mabonde yanayofaa. Shuka ukiwa unakimbia kweli, hatua fupi, magoti yamelegea, usijizuie kwa visigino.

La chakula nitalisema kwa ufupi. Wanga ambao mwili unauweka kwenye misuli na ini unamtosha mkimbiaji wa kawaida kufika karibu kilomita ya 30, ndiyo sababu wengi hukwama kuanzia hapo. Ushauri wa kawaida ni kuongeza gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa ukiwa njiani. Tende zangu zilinipa hizo hadi nilipoanza kupanda, kisha tumbo likazikataa, kwa kuwa damu nyingi ilikuwa imekwenda miguuni. Kutafuna wakati unapanda ni kazi. Safari nyingine nitabeba kitu cha kunywa, hata kama ni glukosi na chumvi kidogo kwenye chupa ndogo. Na maji matupu nisiyakimbilie kila kituo, maana mtu akinywa mengi kupita anayotoa kwa jasho, chumvi ya damu hushuka, na hilo ni hatari kuliko kiu.

Jua nalo lilikuwa limepanda. Nilipogeuka Mweka ilikuwa inakaribia saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi, na kila mita tuliyoshuka ilizidi kutupeleka kwenye joto la mji. Kwenye kituo kimoja vijana walinimwagia maji kichwani bila kuniuliza, na nikawabariki kimoyomoyo. Nilikuwa nakimbia dakika tatu, natembea moja. Kijana wa Arusha alinipita hapo. Hakusema kitu, alinigusa bega akaendelea, na nilimwona akipotea kwenye kona ya migomba akiwa na mwendo mzuri. Natumaini aliupata muda wake.

Saa nne ilipita nikiwa bado na zaidi ya kilomita mbili. Nilikuwa naitazama saa. Nilitaka niione ikipita, nisije baadaye nikajisimulia kwamba sikujua. 3:59:57, 58, 59, na ikageuka. Nililia kidogo, si kwa kelele, na miguu iliendelea kwenda. Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo naliona ni sehemu bora ya asubuhi ile: nikajiuliza, sasa bora iliyobaki ni ipi? Nikaamua nisitembee tena. Kilomita mbili zile nilizikimbia zote, kwa mwendo mbaya, na mstari nikauvuka kwa 4:13:52.

Pale uwanjani, kabla sijapata hata maji, dada mmoja wa kamati alinivisha medali, akanikumbatia akasema, "Wewe ndiye Akhwari wetu leo." Alisema kwa moyo safi. Na tangu hapo jina hilo limerudi mara nyingi kwenye mazungumzo, kwa hiyo nataka kulisemea.

Kila Mtanzania anaijua hadithi ya John Stephen Akhwari. Mexico City, Olimpiki ya 1968, marathoni. Alianguka njiani, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshashinda kwa 2:20:26 wakati Akhwari anaingia uwanjani akichechemea, zaidi ya saa nzima baadaye, kwa 3:25:27, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, huku wengine 18 wakiwa wameacha. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma umbali wote ule kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Maneno yale yanatufaa, na sina neno nayo.

Lakini tunavyomtumia Akhwari siku hizi tunampunguza. Tunamfanya awe mfariji wa kila anayechelewa. Akhwari hakwenda Mexico kumaliza tu. Alikwenda kushindana, mkimbiaji wa Mbulu mwenye uwezo wa kushindana na dunia, na goti lile lilimnyang'anya mbio alizokuwa amezijia. Tunajuaje? Kwa sababu mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, alirudi kwenye umbali uleule akawa wa tano, kwa 2:15:05. Nusu hiyo ya hadithi huisikii kwenye hotuba. Mtu aliyemaliza Mexico kwa 3:25 alirejea miaka miwili baadaye akakimbia saa moja na dakika kumi pungufu. Kwangu mimi Akhwari mzima ni huyo: aliyemaliza kwa sababu kumaliza ni wajibu, kisha akaufuata muda wake kwa sababu muda ulikuwa bado unadaiwa.

Au mtazame mkimbiaji wetu mwingine wa marathoni, Juma Ikangaa. Boston, 1988, alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja: 2:08:43 dhidi ya 2:08:44. Sekunde moja, baada ya kilomita 42. Mwaka uliofuata akawa wa pili tena Boston. Mwaka 1990, wa pili tena. Je, kuna mtu angethubutu kumwambia Ikangaa kwamba sekunde ile si kitu? Katikati ya miaka hiyo, Novemba 1989, alikwenda New York akashinda kwa 2:08:01, muda ambao haukuwa umewahi kukimbiwa kwenye njia ile. Boston hakuipata kamwe. Hayo mawili yanakaa pamoja kwenye jina lake, na hakuna haja ya kufuta moja ili lingine ling'ae.

Wa karibuni ni Alphonce Simbu wa Singida. Wa tano Olimpiki ya Rio 2016, shaba ya mashindano ya dunia London 2017, wa saba Olimpiki ya Tokyo, wa kumi na saba Paris. Kisha Septemba 2025, Tokyo tena, mashindano ya dunia, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo, kwa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, wakitenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Nilikuwa sebuleni na watoto. Tulisubiri picha ya mstari kama nchi nzima. Asubuhi ile hakuna nyumba iliyosema muda si kitu.

Siwafananishi na mimi. Wao wanakimbia marathoni karibu mbili kwa muda ninaotumia mimi kwa moja. Ninachosema ni kwamba hesabu haibadiliki kwa kuwa mkimbiaji ni mwalimu wa kawaida. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195, umbali uliokimbiwa London 1908 na kufanywa rasmi mwaka 1921. Mtu akisimama kwenye kilomita 42 kamili, hata awe amechoka vipi, hakuna atakayemwambia kwamba mita 195 si kitu na kumpa medali. Tunaziheshimu mita zile za mwisho, tunazipima kwa kamba. Naomba dakika nazo ziheshimiwe kwa kiasi hicho. Dakika 13 na sekunde 52 zilinipungukia, na ninataka zibaki hivyo zilivyo, zisifunikwe na hongera.

Najua wapo watakaosema ninajitesa. Mdogo wangu wa kike aliniambia hivyo waziwazi: "Dada, wewe hutaki kufurahi." Nilimjibu kwamba nimefurahi. Medali iko ukutani na binti yangu huivaa akicheza. Nilifurahi Kibo kilipokuwa wazi, nilifurahi na bibi wa migombani, nilifurahi kilomita mbili za mwisho kwa namna ambayo sijui kama ningeifurahia saa nne yenyewe. Huzuni ya muda haikuondoa hayo, na hayo hayakuiondoa huzuni. Mtu mzima anaweza kubeba vyote viwili na kwenda navyo kazini Jumatatu.

Na kuna kitu nilichokiona darasani. Wanafunzi wangu wanafanya mitihani, wanajiwekea alama wanazozitaka, wengine wanazikosa. Zamani mtoto akija na 61 wakati alitaka 70, nilikuwa namwambia si mbaya, umefaulu. Siku hizi namkalisha, namuuliza alitaka ngapi, tunafungua karatasi tuone alama tisa zilikokwenda. Ziko kwenye swali la ramani, ziko kwenye insha aliyoikatisha kwa kukosa muda. Mara nyingi uso wake unafunguka tukifika hapo, kwa sababu kuna mtu amekubali kwamba 70 ilikuwa ya kweli.

Zangu nami nimezitafuta. Karibu dakika tano zilikwenda kwenye kupanda, na hizo ni za mlima, sina namna nzuri ya kuzikwepa isipokuwa kuwa na nguvu zaidi. Karibu dakika nane na nusu zilikwenda kwenye kushuka, na hizo zinarudishika. Sekunde arobaini zilikuwa za nusu ya kwanza.

Kocha aliziangalia namba hizo kwenye kipande cha karatasi nilichomwandikia. Shauri lake ni kwamba saa nne niitafute kwanza kwenye njia tambarare, niipate, nitulie moyo, ndipo nirudi Mweka. Ana hoja: kwa muda nilionao kwenye nusu marathoni, tambarare ingenipa bila mateso. Mimi nataka Moshi. Saa nne ya tambarare ningeijua kabla sijaanza kukimbia, hesabu imeshaisema, na nilichoingia nacho kwenye mchezo huu ni kutaka kujua nisichokijua. Hajakubali. Anasema mwalimu ana kichwa kigumu, na kwamba magoti hayauzwi dukani. Tumeafikiana jambo moja: Jumamosi moja kwa kila mbili tunakwenda Pugu, tunashuka kwa kukimbia, naye anasimama chini ya bonde na saa yake. Baada ya hapo nitarudia nusu marathoni, na nikienda chini ya 1:46, amesema mazungumzo ya Moshi yatafunguliwa upya.